Mwariama alitoka msituni, wenzake je?

Yapo majina ambayo katika nchi ya Meru hayahitaji kupigiwa mbiu. Mojawapo ni la Musa Mwariama, jemadari wa Mau Mau aliyezaliwa mwaka wa 1928 na kuaga dunia mwaka wa 1989. Wanafunzi humsoma kwa mistari michache tu, kisha hufunga kitabu. Maisha yake yana somo zaidi ya hilo.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari Oktoba 1952, Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa katika kapu moja. Wanakijiji waliondolewa katika mashamba yao, wakarundikwa katika vijiji vyenye ulinzi, na wengi wakalazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili chakula kisiwafikie wapiganaji. Huko Mwea, wakati huo ikiwa sehemu ya wilaya ya Embu, kambi za wafungwa zilijaa pomoni. Ndege nazo zilimwaga mabomu juu ya miti.

Humo msitumoni ndimo Mwariama alimokuwa. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, alikamatwa Januari 1954. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 18, 1957. Mwariama hakukamatwa wala hakuuawa. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, alijitokeza pamoja na wafuasi wanaokadiriwa kuwa 2,000, na picha yake akiwa na Mzee Jomo Kenyatta ingali inatazamwa hadi leo. Jemadari mwenzake wa Meru, Baimungi, hakuridhika na matunda ya uhuru. Aliuawa mwaka wa 1965, chini ya serikali ya Waafrika wenyewe.

Mwariama basi alipata bahati ya kuzeeka miongoni mwa watu wake. Je, waliobaki nyuma? Watu 1,090 walinyongwa katika vita hivyo. Kimathi alizikwa katika gereza la Kamiti bila alama yoyote, na mwaka wa 2019 habari kwamba kaburi lake limepatikana zilizua ubishi badala ya kuleta faraja. Wengine wasiohesabika walianguka msituni, na aila zao hazijui pa kuweka hata jiwe.

Ng'ambo ya pili ya mlima, mjini Nanyuki, yapo makaburi ya askari waliokufa wakilitumikia taji la Uingereza. Yanafagiwa na kutunzwa, na majina yamechongwa. Tume ya Jumuiya ya Madola inayoyatunza ilikiri mwaka wa 2021 kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wakiwa wengi kati yao, hawakukumbukwa kwa majina. Tangu hapo imeanza kuyatafuta kwa kushirikiana na Wakenya. Kama hilo lawezekana kwa waliobeba mizigo ya Mwingereza, kwa nini lisiwezekane kwa waliompinga?

Uingereza haiwezi kujitenga na jambo hili. Mwaka wa 2011 ilibainika kuwa ilikuwa imeficha faili zipatazo 1,500 kutoka Kenya. Mwaka wa 2013 ilieleza masikitiko yake na kukubali kuwalipa waathiriwa 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Fedha ni jambo jema, lakini fedha hazionyeshi kaburi. Nairobi na London zinapaswa kuketi pamoja, zifungue kumbukumbu za magereza na za jeshi, na kuwaleta wataalamu wa kutambua mifupa.

Sisi nasi tuna wajibu. Wazee wanaokumbuka ni nani alianguka wapi wanazidi kupungua kila mwaka. Walimu wa Meru na Embu wakiwatuma wanafunzi wao kwa wazee hao, wakiwa na daftari na adabu, watakuwa wameokoa ushahidi usiopatikana katika faili yoyote. Mwariama alirejea nyumbani kwa miguu yake. Wenzake watarejea tu iwapo sisi tutawaendea.