Robert Koch: Mtafiti aliyepandisha kupe milima ya Usambara

Na Mwandishi Wetu

JINA la Dk. Robert Koch hutajwa zaidi hospitalini kuliko zizini. Wanafunzi wa udaktari humfahamu kama Mjerumani aliyetangaza kugundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, na ambaye mwaka uliofuata alikwenda Misri na India kutafuta chanzo cha kipindupindu.

Ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyo alitumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwisho akichunguza magonjwa ya ng'ombe barani Afrika. Wachache zaidi wanajua kwamba baadhi ya majaribio hayo yalifanyika Usambara, katika milima inayoonekana kutoka Korogwe.

Maisha yake yana fundisho kwa wafugaji wa Korogwe na Handeni, ambako kupe na mbung'o wamekuwa adui wa mifugo kwa vizazi vingi. Yanaonyesha jinsi utafiti unavyoweza kupotoka hata mikononi mwa bingwa, na jinsi unavyonyooka pale wengi wanapoweka matokeo yao mezani.

Koch alizaliwa Desemba 11, 1843, katika mji wa Clausthal, Ujerumani, akiwa mmoja wa watoto 13 wa ofisa wa migodi. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Baada ya kuhudumu katika vita baina ya nchi yake na Ufaransa, aliajiriwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland.

Huko hakuwa na maabara wala fedha za utafiti. Alichokuwa nacho ni darubini, chumba alichokitenga nyumbani kwake, na ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo na ng'ombe wa wakulima wa jirani. Ugonjwa huo ni kimeta.

Kwa kutumia panya, Koch alionyesha jinsi kimelea cha kimeta kinavyokua, na jinsi kinavyojifunika ganda gumu linalokiwezesha kuishi ardhini kwa miaka mingi. Hivyo fumbo la malisho yaliyoua mifugo mwaka hadi mwaka likapata jibu.

Daktari wa kijijini asingesikilizwa kirahisi. Mwaka 1876 alibeba vifaa vyake hadi Chuo Kikuu cha Breslau, akamwonyesha Profesa Ferdinand Cohn majaribio yake kwa siku kadhaa. Cohn, aliyekuwa bingwa wa elimu ya bakteria, aliridhika, akayachapisha matokeo hayo katika jarida lake. Laiti mlango wa chuo hicho ungefungwa, huenda kazi ya Wollstein ingeishia Wollstein.

Tangu hapo nyota yake ilipanda. Mwaka 1880 aliitwa Berlin, mwaka 1885 akawa profesa, na mwaka 1891 serikali ikamfungulia taasisi yake ya magonjwa ya kuambukiza. Hata dawa yake ya kifua kikuu iliyotangazwa mwaka 1890 kwa kishindo, ambayo ilishindwa kuponya wagonjwa, haikumwondolea heshima yote. Dawa hiyo, tuberkulini, baadaye ilipata kazi nyingine: kupima kifua kikuu kwa watu na kwa ng'ombe.

Safari zake za Afrika kuhusu mifugo zilianzia kwenye msiba. Sotoka iliyoingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ilipita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kufyeka makundi ya ng'ombe. Mwaka 1896 ikavuka mto Zambezi kuelekea kusini.

Serikali ya Koloni la Cape ilimwita Koch, naye akafika Kimberley mwishoni mwa mwaka 1896. Katika muda wa miezi michache alitangaza njia ya kuwakinga ng'ombe kwa kuwachoma nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka. Njia hiyo ilisaidia kwa kiasi, na watafiti wengine wakaleta njia zilizofanya kazi vizuri zaidi.

Kutoka huko alipelekwa India kuchunguza tauni, na mwaka 1897 akawasili Dar es Salaam, wakati nchi ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani. Hapo alikutana na jambo lililomshangaza. Ng'ombe wa pwani walionekana wenye afya ingawa damu yao ilikuwa na vimelea, lakini ng'ombe walioletwa kutoka bara waliugua na kufa baada ya kufika pwani.

Koch aliamini kuwa huo ni ugonjwa wa kukojoa damu, ambao wakati huo uliitwa homa ya Texas. Miaka michache kabla, mwaka 1893, Wamarekani Theobald Smith na Fred Kilborne walikuwa wamethibitisha kwamba ugonjwa huo huenezwa na kupe.

Ili kuhakikisha, alihitaji mahali ambapo ugonjwa haukuwapo. Palichaguliwa Kwai, katika milima ya Usambara Magharibi, ambako serikali ya Kijerumani ilikuwa na shamba la majaribio. Reli kutoka Tanga ilikuwa imeishia Muheza tangu mwaka 1896. Korogwe ingeiona treni mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Safari ya kwenda milimani ilikuwa bado ni ya miguu na mizigo ya wapagazi.

Kupe waliotolewa kwenye ng'ombe wa pwani walipandishwa Kwai. Mayai yao yalipoanguliwa, kupe wachanga waliwekwa kwenye ng'ombe wazima wa milimani. Baada ya siku kadhaa vimelea vilionekana katika damu ya ng'ombe hao. Wamarekani walikuwa sahihi, na Usambara ikawa imetoa ushahidi.

Hata hivyo, ndani ya mafanikio hayo lilijificha kosa. Katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam Koch aliona pia vimelea vidogo mno, vingine mfano wa vijiti, vingine mfano wa pete. Aliviandika kuwa ni hatua ya uchanga ya vimelea vya homa ya Texas. Kumbe vilikuwa vimelea vya ugonjwa mwingine kabisa, ule ambao wafugaji wa leo wanauita ndigana kali.

Kosa hilo halikubaki kwenye makaratasi. Mwishoni mwa mwaka 1901 ng'ombe walianza kufa kwa wingi Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Madaktari wa mifugo walidhani ni homa ya Texas, na maandishi ya bingwa wa Berlin yaliwapa sababu ya kuendelea kudhani hivyo, huku maradhi yakivuka mpaka kuingia Transvaal.

Serikali za makoloni ya kusini zilichangiana gharama na kumwita Koch kwa mara nyingine. Alifika Bulawayo mwaka 1903. Alipochunguza ng'ombe wa huko alitambua kuwa ugonjwa ni mpya kwa sayansi, na kwamba ndio uleule aliouona Dar es Salaam miaka sita kabla. Aliupa jina la homa ya pwani ya Afrika.

Lakini kinga aliyoipendekeza, ya kuwachoma ng'ombe damu ya wenzao waliopona, haikufua dafu. Fedha zilitumika, ng'ombe wakachomwa sindano, na vifo vikaendelea.

Jibu lilitoka kwa watu wengine, mmoja mmoja akileta kipande chake. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Cape, na Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Transvaal, walionyesha kwamba mwenezaji mkuu ni kupe wa kahawia anayependa kukaa masikioni, si yule wa buluu anayeeneza homa ya Texas. Kutokana na elimu hiyo, Herbert Watkins-Pitchford wa Natal alipanga utaratibu wa kuogesha ng'ombe kila baada ya siku chache.

Josho ambalo mfugaji wa Handeni au Korogwe analifahamu leo ni mtoto wa ushirikiano huo. Koch alitoa utambuzi wa ugonjwa, wa Cape na Transvaal wakamtaja kupe, wa Natal akaleta dawa ya kuogeshea. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jibu zima.

Mwaka 1905 Koch alirejea tena nchini. Safari hii sehemu ya kazi yake ilifanyika Amani, Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe mwaka 1902. Alichunguza vimelea vya nagana ndani ya mwili wa mbung'o. Aidha, alionyesha kwamba papasi huambukiza homa ya vipindi, na kwamba vimelea vya homa hiyo hupita hadi kwenye mayai yake. Watafiti wa Kiingereza waliokuwa Kongo walifikia matokeo kama hayo wakati huohuo.

Desemba mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka 1906 na 1907 aliongoza msafara wa kuchunguza malale katika visiwa vya Sese, Uganda. Huko aliwatibu wagonjwa kwa dawa ya atoxyl, yenye asili ya sumu ya aseniki, na alipoongeza kipimo baadhi yao walipofuka. Doa hilo limeendelea kujadiliwa hadi leo.

Koch alifariki dunia Mei 27, 1910, huko Baden-Baden, akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi inayobeba jina lake.

Kuna elimu moja ambayo Koch hakuitafuta wakati wa safari zake za Usambara, nayo ilikuwa ng'ambo ya mto Pangani, kwa Wazigua wa Handeni. Mwanahistoria wa Marekani, James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu mazingira ya eneo hilo, ameeleza kwamba wenyeji walikuwa wakifuga katikati ya kupe na mbung'o kwa utaratibu wao.

Vichaka vilifyekwa kuzunguka vijiji, wanyamapori wakawekwa mbali, na ndama waliokutana na kupe mapema na kunusurika walikua wakiwa na kinga. Hapo ndipo lilipokuwa jibu la fumbo la ng'ombe wa pwani waliokuwa na vimelea bila kuugua.

Utaratibu huo ulivunjika katika miaka ileile ya safari za Koch. Sotoka, njaa ya mwaka 1894 hadi 1896 na nyingine zilizofuata, pamoja na kodi na kazi za kulazimishwa, viliwapunguza watu na kuwadhoofisha. Vichaka vikarudi, na mbung'o pamoja nao. Ng'ombe wachache waliobaki au kuletwa upya hawakuwa tena na kinga ya wale wa zamani.

Fundisho la magonjwa kutotambua mipaka lilieleweka polepole. Waingereza walipotawala walilifufua jumba la Amani kuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1948 kazi hiyo ilihamishiwa Muguga, Kenya. Utafiti wa mifugo nao ukapata shirika lake la pamoja hapohapo.

Ni Muguga ambako Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo imara ya sotoka karibu na mwaka 1960. Mwaka 2011 ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani kote.

Katika miaka ya 1970, kituo hichohicho kilikamilisha chanjo ya ndigana kali kwa kuchanganya aina tatu za vimelea, mbili kutoka Kenya na moja kutoka Serengeti, Tanzania. Kile ambacho Koch alishindwa kukipata Bulawayo kilipatikana kwa vimelea vya nchi mbili ndani ya maabara moja.

Vyuo vikuu navyo viliwahi kugawana mzigo. Kati ya mwaka 1963 na 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliweka sheria Dar es Salaam, udaktari wa binadamu Makerere na udaktari wa mifugo Nairobi, ili nchi tatu zisijenge kila kitu mara tatu. Chuo hicho kiligawanyika mwaka 1970, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, ikayavunja pia mashirika ya pamoja ya utafiti. Kila nchi ilibaki na majengo yaliyokuwa upande wake, na kila moja ikatafuta fedha zake. Tanzania iliendelea kusomesha madaktari wa mifugo Morogoro, katika chuo kilichogeuzwa mwaka 1984 kuwa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Mfano mzuri haukukosekana hata baada ya hapo. Mbung'o madume waliofanywa tasa, waliozalishwa kwa wingi katika taasisi ya utafiti ya Tanga, walisafirishwa kwa ndege na kuachiwa Unguja kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Mwaka 1997 kisiwa hicho kilitangazwa kuwa huru dhidi ya mdudu huyo.

Handeni si kisiwa. Misitu yake inaungana na ya wilaya jirani, na ng'ombe wake wanatembea hadi minadani wakiwa na kupe masikioni. Mtafiti atakayefanya kazi wilaya moja, kwa fedha za mwaka mmoja, akiwa na matokeo yasiyosomwa na mwenzake wa chuo kingine, atakuwa anairudia njia ya Koch ya mwaka 1898: ataona vimelea viwili na kuviita kimoja, na atakayelipa ni mwenye ng'ombe.