MKWAWA KABLA HAJAWA MKWAWA: SOMO KWA VIJANA WENYE MALENGO NA WASIO NA UJUZI



Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Kuna jambo linanizunguka kichwani tangu nimalize shule. Kila semina ya vijana utakayokwenda, lazima asimame mtu aseme tuweke malengo. Andika kwenye karatasi, bandika ukutani, litazame kila asubuhi. Sawa, tumeandika. Pita vijiweni hapa Iringa, kuanzia Mlandege mpaka Kihesa, utakuta kila kijana ana lengo. Huyu anataka gari, yule anataka kuhamia Dar, mwingine anataka kampuni yake. Sasa muulize swali dogo tu: je, unajua kufanya nini? Hapo kimya kinatawala. Mimi nimemaliza kidato cha sita na bado natafuta riziki, kwa hiyo simcheki mtu, nimo humo humo.

Nikaona badala ya kuleta habari za matajiri wa Marekani, nimlete mtu wa hapa hapa. Jina lake liko kwenye chuo, kwenye barabara, kwenye midomo ya kila mtu. Mtwa Mkwawa. Tunamjua alivyompiga Mjerumani na tunajua habari za fuvu. Lakini ni wachache wanaojiuliza alikuwa nani alipokuwa na umri wetu, na alikuwa amejifunza nini. Hapo ndipo penye somo.

MTOTO WA MTAWALA, LAKINI HANA KITI

Jina lake kamili ni Mkwavinyika, mtoto wa Munyigumba wa ukoo wa Muyinga. Alizaliwa kama mwaka 1855 huko Luhota, siyo mbali na hapa mjini. Baba yake ndiye aliyeunganisha koo nyingi ndogo zilizokuwa kila moja na mkubwa wake, zikawa kitu kimoja, ndiyo hawa tunaowaita Wahehe. Munyigumba alipigana na Wasangu wa Merere upande wa Usangu, akapigana na Wangoni waliokuwa wakija kutoka kusini. Kwa hiyo kijana Mkwavinyika alikulia katika nyumba ambayo vita, ng'ombe na mashauri ya wazee vilikuwa chakula cha kila siku. Hakukuwa na darasa wala ubao. Shule yake ilikuwa kukaa karibu na wanaojua, kutazama na kusikiliza.

Mwaka 1879 Munyigumba akafariki. Hapo kijana alikuwa na miaka kama 24 hivi, yaani umri wa wengi wetu tunaosoma hapa. Ungedhani mambo yalikuwa rahisi, baba mkubwa amekufa, mtoto anakaa kwenye kiti. Wapi! Alijitokeza Mwamubambe, mtu aliyekuwa ameoa kwenye familia ya Munyigumba na kupewa sehemu ya nchi aitawale. Huyu akautaka utawala wote. Ndugu yake Mkwavinyika akauawa, na yeye mwenyewe ikabidi akimbilie Ugogo, upande wa kaskazini.

Tulia hapo kidogo mdau. Mtoto wa mtawala mkubwa, yuko nchi ya watu, hana jeshi, hana ng'ombe, na nyumbani anakaa mtu mwingine. Jina la baba halikumsaidia kitu siku ile. Kilichombakia ni kile alichokuwa nacho kichwani na mikononi: kuijua nchi yake, kuwajua watu wake, na kujua vita vinavyopangwa. Hivyo hakuna mtu angeweza kumnyang'anya. Wahehe wasiomtaka Mwamubambe walipomgeukia, alikuwa na kitu cha kuwapa. Akarudi, wakapambana, na Mwamubambe akashindwa. Mahali pa vita ile pakaitwa Ilundamatwe, maana yake palipolundikwa vichwa. Jina lenyewe linakuambia haikuwa mchezo.

Urithi unaweza kupotea kwa siku moja. Shamba la baba linaweza kuuzwa, ajira ya mjomba inaweza kuota mbawa. Ujuzi unahama na wewe hata ukikimbilia Ugogo.

LENGO KUBWA ALILIKATA VIPANDE

Lengo la Mkwawa lilikuwa moja: nchi ya Wahehe isitawaliwe na mtu mwingine. Ni lengo kubwa mno. Angekaa kulitazama tu, angekufa nalo. Ukifuatilia miaka yake utaona alikwenda hatua kwa hatua.

Kwanza, kurudisha nyumba yake, ndiyo vita na Mwamubambe. Pili, mpaka wa kusini. Wangoni walikuja tena, wakapigana mpaka pande zote mbili zikachoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakakubaliana kuacha. Kumbuka hilo, maana kujua kuacha vita isiyo na faida nako ni ujuzi. Tatu, uchumi. Misafara ya pembe za ndovu kutoka bara kwenda Bagamoyo ilipita karibu na nchi yake, na yeye akaisogelea ile njia, akatoza hongo, akapata nguo, baruti na bunduki. Nne, akaanza kujenga ngome ya mawe Kalenga, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Kazi ilianza kama mwaka 1887 na ikachukua miaka kama minne. Hata jina la mji wetu, Iringa, linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani boma au ngome.

Miaka minne kupanga mawe! Sisi mtu anaanza kujifunza ushonaji Januari, Machi ameacha, eti hakulipi.

Ila tusidanganyane. Mkwawa hakuwa malaika. Wagogo, Wasagara, Wabena na majirani wengine waliumia kwa vita vyake, ng'ombe wao walichukuliwa na watu wao pia. Simleti hapa ili tuige kila kitu. Namleta kwa sababu alikuwa akijua anataka nini na alikuwa akijifunza njia ya kukifikia.

LUGALO

Mwaka 1891 Wajerumani wakatuma jeshi chini ya Emil von Zelewski, ambaye wenyeji wa pwani walimpa jina la Nyundo. Alikuja na makombania matatu ya askari, bunduki za kisasa na bunduki za rashasha. Njiani walichoma vijiji. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, msafara ulikuwa umejipanga mstari mrefu kwenye njia nyembamba, katikati ya vichaka na mawe. Wahehe walikuwa wamelala chini kimya. Ishara ilipotolewa, maelfu wakainuka kwa mikuki na ngao. Kabla askari wengi hawajapata nafasi ya kujaza risasi, kazi ilikuwa imekwisha. Zelewski akafa, Wajerumani 10 kwa jumla wakafa, pamoja na askari wao zaidi ya 200. Bunduki kama 300 zikabaki mikononi mwa Wahehe. Kambi ya jeshi na hospitali ya Lugalo pale Dar zimepata jina kutokana na vita hii.

Inasimuliwa kwamba aliyemchoma Zelewski mkuki alikuwa kijana wa miaka 16 tu, akazawadiwa ng'ombe 3. Sasa fikiria, yule kijana hakujifunza kushika mkuki asubuhi ile. Alikuwa ameufanyia mazoezi tangu utotoni, siku ambazo hakuna aliyekuwa akimpigia makofi. Siku ya nafasi inakuja mara moja, na inamkuta mtu ama yuko tayari ama hayuko tayari. Haikusubiri ukajifunze kwanza.

KALENGA: UJUZI UNAPOZEEKA

Hapa ndipo wengi huishia wakisimulia. Mimi naona sehemu hii ndiyo inayotuhusu zaidi.

Baada ya Lugalo, Wajerumani nao walikwenda shule. Mmoja wao, Tom von Prince, aliyejulikana kwa jina la Bwana Sakarani, alitumia miaka iliyofuata kuwachunguza Wahehe: wanapigana vipi, njia ziko wapi, majirani gani wana kinyongo na Mkwawa. Oktoba 1894 wakarudi chini ya gavana von Schele mwenyewe, safari hii na mizinga. Wenyeji husimulia kwamba mizinga ile ililenga Kalenga kutoka upande wa kilima cha Tosamaganga. Tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka.

Ukuta ule ulikuwa jibu zuri kwa vita vya zamani, vita vya mikuki na magobori. Kwa mzinga haukuwa jibu. Na zile bunduki 300 za Lugalo? Wahehe walikuwa mabingwa wa mkuki na kuvizia. Kupigana kwa bunduki za kisasa ni ufundi mwingine kabisa, unataka mafunzo na risasi za kutosha, na miaka mitatu ilikuwa imepita.

Kwa hiyo wadau, tofauti ya 1891 na 1894 haikuwa ushujaa. Ushujaa ulikuwa ule ule. Tofauti ni nani alijifunza jambo jipya katikati ya miaka hiyo mitatu. Fundi aliyejifunza redio tu akakataa kujua simu, leo anakaa na kibanda hakina mteja. Ujuzi ni kama panga, usiponoa unabaki na chuma.

MIAKA MINNE PORINI

Mkwawa hakukamatwa Kalenga. Alitoroka, akaendelea kupambana karibu miaka minne, akihama msitu hadi msitu, akishambulia na kupotea. Mwaka 1896 Prince alijenga kituo kipya hapa ambapo leo ni mji wa Iringa. Desemba mwaka huo Wajerumani wakamweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, kuwa mtawala. Februari 1897 wakamnyonga wao wenyewe, wakimshuku kwamba anamsaidia kaka yake. Wakatangaza rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Fedha nyingi sana kwa wakati ule. Alidumu kwa sababu mbili: aliyajua mapori, na watu wake walimlisha na kumficha.

Lakini nani alilipa gharama? Wale wale watu. Vijiji vilichomwa, mazao yakaharibiwa, njaa ikaingia. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, akiwa mgonjwa na amebakiwa na mtu mmoja mmoja tu, alijipiga risasi asikamatwe akiwa hai. Alikuwa na miaka kama 43. Sajini Merkl na kikosi chake walimkuta tayari ameshakufa, na kichwa kikakatwa. Madai ya fuvu lake yaliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Lilirudishwa tarehe 19 Juni 1954 na Gavana Edward Twining, na liko kwenye makumbusho ya Kalenga.

Wengine wanasema alifanya vizuri kukataa kabisa, wengine wanasema angefanya amani mapema kama alivyofanya na Wangoni. Mimi simhukumu mtu aliyekuwa anaiona nchi yake ikichukuliwa. Ila kwa maisha yetu ya kawaida nasema hivi: lengo lisiguswe, lakini njia iwe zaidi ya moja. Umefeli mtihani, siyo lengo lililofeli. Ni njia moja imefungwa.

MJUKUU

Na ushahidi uko kwenye familia ile ile. Aliyelipokea lile fuvu mwaka 1954 ni Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Huyu hakushika mkuki. Ujuzi wake ulikuwa elimu ya darasani, sheria za vikao na uvumilivu wa kusikiliza watu wakibishana. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge la Tanganyika, Mwafrika wa kwanza kukaa kiti kile, na kwa vipindi viwili aliliongoza Bunge letu mpaka 1994. Lengo la babu, kwamba nchi ijitawale, mjukuu alilikuta limetimia, akalitumikia kwa silaha nyingine kabisa.

SASA SISI TUFANYEJE?

Chukua lile karatasi lako la malengo. Chini ya kila lengo andika swali moja: ujuzi gani nimepungukiwa? Halafu andika jina la mtu anayeujua hapa karibu. Kuna mafundi seremala Mafinga kwenye mbao, kuna wakulima wa nyanya Ilula ambao wanajua kusoma soko kuliko sisi wenye vyeti, kuna mama ntilie anayejua hesabu ya faida bila kalkuleta. Nenda kaombe kukaa karibu naye, hata kama mwanzo ni kubeba maji tu. Jipe muda unaohesabika, uone mwisho wake umeweza nini kwa mikono yako. Na kila mwaka jiulize kama ukuta unaojenga ni wa vita vya leo au vya jana.

Asiye na nauli ya kwenda mbali, Kalenga ni kama kilomita 15 tu kutoka mjini, nenda ukaone mwenyewe.

Wewe unajifunza nini mwaka huu, na kwa nani? Tuambizane, pengine kuna kijana mwenzako anatafuta mwalimu huyo huyo. Siku njema wadau.