Imamu Nawawi na Barua Zake kwa Sultani Baybars

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: hii ni khabari ya Imamu Muhyiddin Yahya bin Sharaf An-Nawawi, mwenye Minhaji na Arbaini. Wengi wamesoma fiqhi yake. Wachache ndio wajuao alivyosimamia haki za raia mbele ya mfalme.

Alizaliwa Muharram mwaka 631 wa Hijra (1233) katika kijiji cha Nawa, nchi ya Sham. Mwaka 649 (1251) baba yake alimpeleka Damascus kusoma, akakaa katika madrasa ya Rawahiya. Mwaka 665 (1267) akawa shekhe wa Darul Hadithi Al-Ashrafiya, na yasimuliwa kuwa mshahara wake hakuupokea. Chakula chake kilitoka kwa wazazi wake. Matunda ya Damascus hakuyala, kwa kuchelea mali za wakfu zilizochanganyika katika mabustani yake.

Zama hizo mfalme wa Misri na Sham alikuwa Sultani Adh-Dhahir Baybars (1260–1277), shujaa aliyepigana na Matatari na Mafaranga. Wafalme wa wakati ule walikuwa na desturi ya kusikiliza mashitaka ya raia. Nuruddin Zanki alikuwa amejenga Damascus Darul Adli, yaani nyumba ya uadilifu, na Baybars akajenga yake Kairo, chini ya ngome. Aliyedhulumiwa aliandikiwa karatasi, nayo kwa Kiarabu huitwa kisa. Ikasomwa barazani na hukumu ikatolewa. Lakini dhulma ikitoka katika amri ya Sultani mwenyewe, mnyonge amshitakie nani?

Ulipofika mwaka wa shida katika Sham, mvua zikawa haba, bei zikapanda, mazao yakapungua na wanyama wakafa. Nawawi akaandika barua pamoja na wanavyuoni wenziwe, wakaomba raia wahurumiwe. Waliipitisha kwa Amiri Badruddin ili aifikishe kwa Sultani. Jawabu ikarudi kali, yenye vitisho: mbona wanavyuoni walinyamaza Matatari walipoitawala nchi?

Nawawi hakunyamaza. Alijibu kuwa mfalme Mwislamu hafananishwi na makafiri. Wale hawakuiamini dini, basi wangenasihiwa kwa lipi? Ama yeye mwenyewe, vitisho havitamzuia na nasaha, kwa kuwa ni faradhi juu yake. Lakini akaomba raia wasiadhibiwe kwa sababu ya maneno ya wanavyuoni.

Pia Sultani aliyazuia mabustani ya Damascus, na wenyewe wakatakiwa walete ushahidi wa milki zao. Katika hao walikuwamo mafakiri, wajane na mayatima. Nawawi akaandika hukumu ya sharia wazi: kilicho mkononi mwa mtu ni chake, haijuzu kumpinga wala kumkalifisha kuthibitisha. Hivyo hoja ya mnyonge, asiyejua kuipanga, ikamfikia mfalme kwa kalamu ya fakihi.

Yasimuliwa kuwa Sultani alighadhibika, akataka akatiwe mshahara na vyeo vyake. Akaambiwa hana mshahara wa kukatwa. Na imepokewa kuwa Sultani, pamoja na haiba yake yote, alikuwa akimwogopa. Wala si ajabu: asiyepokea kitu kwa mfalme, mfalme hana kamba ya kumfungia. Mwanachuoni hana askari wa kulazimisha haki. Lililo juu yake ni kuifikisha. Lakini atakayekula mezani pa mwenye amri, ulimi wake huwa mzito siku mjane atakapomwendea alie.

Sultani Baybars alifariki Damascus, Muharram 676 (1277). Haukwisha mwaka huo ila Nawawi naye akafariki kwao Nawa, tarehe 24 Rajabu, umri wake miaka 45. Mwanafunzi wake Ibnul Attar ndiye aliyezihifadhi barua hizo. Basi kila aifunguapo Minhaji na akumbuke kuwa mkono ulioiandika milango ya hukumu ndio ulioandika kuwatetea wenye mabustani wa Damascus.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu huyu, na atunufaishe kwa ilimu yake. Amin.