George Gallup, mutu aliyegeuza kuuliza watu kuwa kazi

Wakati wa uchaguzi, simu za watu wa Baraka zinajaa sondaje. Mumoja anatuma ku WhatsApp ya kwamba kandideti fulani ana asilimia 70, mwingine anajibu na ya kwake inayomupa mupinzani asilimia 65. Waliulizwa watu gani? Wapi? Na nani? Hakuna anayesema. Maswali hayo matatu ndiyo yalijaza maisha ya Mumarekani George Gallup.

Alizaliwa tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka 1901 ku Jefferson, muji mudogo katika jimbo la Iowa, inchi ya wakulima. Akiwa kijana alikuwa anapeleka maziwa nyumba kwa nyumba. Ku chuo kikuu aliongoza gazeti la wanafunzi, na katika likizo ya 1922 akapata kazi ya kupiga hodi ku milango ya watu wa St. Louis, kuwauliza wanasoma nini ndani ya gazeti. Hapo ndipo alianza kufahamu namna watu wanajibu. Ukimuuliza mutu hivi hivi, atasema anasoma habari za siasa. Ukifungua gazeti pamoja naye, ukurasa kwa ukurasa, utaona alisoma sana michoro ya kuchekesha. Juu ya jambo hilo aliandika kitabu chake cha udaktari, 1928.

Mwaka 1932 alienda New York kufanya kazi katika kampuni ya matangazo ya biashara. Mwaka uleule mama mukwe wake, Ola Babcock Miller, alichaguliwa kuwa katibu wa jimbo la Iowa, mwanamuke wa kwanza ku kiti hicho, tena katika chama ambacho kule hakikuzoea kushinda. Miaka mitatu kiisha, Gallup alifungua shirika lake la kupima mawazo ya watu ku Princeton, akawa anauzia magazeti matokeo kila wiki.

Mwaka 1936 Rais Franklin Roosevelt alishindana na Alf Landon. Gazeti kubwa la Literary Digest, ambalo lilikuwa limetabiri vizuri uchaguzi mbalimbali ya mbele, lilituma karatasi karibu milioni 10 kwa posta. Zaidi ya milioni 2 zilirudi, na zilisema Landon atashinda. Gallup aliuliza maelfu tu, akasema ni Roosevelt. Tena alikuwa na jeuri: mbele gazeti hilo litume karatasi zake, alitangaza ya kwamba litakosea, na akaahidi kurudishia magazeti pesa zao kama yeye mwenyewe atashindwa.

Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kwa 48. Literary Digest lilikufa 1938.

Sababu ilikuwa ndani ya liste. Gazeti lilichukua majina ku vitabu vya telefone na ku liste za wenye magari, wakati inchi ilikuwa na njaa na watu wengi hawana kazi. Masikini, ambao wengi wao walimupenda Roosevelt, hawakuandikiwa. Tena waliorudisha karatasi ni wale waliojisikia kurudisha. Mama anayepika sombe hawezi kula chungu nzima ili ajue kama chumvi inatosha; anakoroga, anaonja kijiko kimoja. Literary Digest lilionja vijiko milioni 2 bila kukoroga. (Na wanaopiga simu ku radio wakati wa emisio? Ni wenye unite na rezo. Anayekaa nyuma ya mulima, sauti yake haifiki.)

Lakini Gallup hakuwa nabii. Hata 1936 alimupa Roosevelt kura chache kuliko alizopata. Mwaka 1948 ilikuwa mbaya zaidi: alisema Thomas Dewey atamushinda Harry Truman, na Truman akashinda. Aliacha kuuliza mapema, watu wakiwa bado wanabadilisha mawazo. Tena wafanyakazi wake walipewa hesabu ya wanaume, wanawake, matajiri na masikini wa kuuliza, lakini wao ndio waliochagua nani, na mutu akichoka anaenda ku nyumba ya karibu yenye mulango muzuri. Magazeti mengine yalivunja mukataba. Kiisha hapo kazi ikabadilika, na nyumba ikawa inachaguliwa kwa bahati, si kwa mapenzi ya anayeuliza.

Kuna kosa lingine ambalo lilikawia kutajwa. Alitaka kupima wenye kupiga kura, basi Wamarekani weusi wa kusini, waliozuiliwa kupiga kura, waliulizwa kidogo sana. Wanawake pia waliulizwa chini ya hesabu yao. Yakaitwa mawazo ya Marekani nzima.

Gallup alikataa kufanyia chama chochote sondaje. Alikufa Uswisi tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1984.

Mwezi uleule Zaire ilikuwa inahesabu watu wake, na hesabu hiyo ndiyo ya mwisho hadi leo. Anayetaka kufanya sondaje Fizi sasa anashika liste za wapiga kura ao makadirio ya zone za afya. Humo, aliyekimbia kutoka milima ya juu kuja Baraka anaweza kuhesabiwa mara mbili, na aliyevuka ziwa kwenda Nyarugusu hahesabiwi hata mara moja.