John Robinson na Ndege za Uhabeshi

Wako ndugu wadhanio kwamba ushujaa peke yake watosha kuulinda uhuru. Twawaomba wayatazame maisha ya John Robinson, Mmarekani mweusi aliyekulia Mississippi, katika nchi ya ubaguzi.

Baada ya kujifunza ufundi wa magari huko Tuskegee, alitaka kujifunza urubani Chicago. Shule ya ndege ilimkataa kwa rangi yake. Basi akakubali kufagia humo, akawa akisikiliza masomo ufagio mkononi, hata mwisho akapokewa. Baadaye naye akawafundisha weusi wenzake.

Mwaka 1935 alikwenda Uhabeshi, na Mfalme Haile Selassie akamkabidhi uongozi wa jeshi la ndege. Lakini zilikuwapo ndege chache tu, nyingi kuukuu, zisizo na silaha, mbele ya mamia ya ndege za Italia. Robinson alichukua barua na maofisa mpaka vitani, akijificha mawinguni. Mwaka 1936 Addis Ababa ikatekwa. Moyo haukukosekana, kilichokosekana ni ndege, viwanda na mafundi.

Mwaka 1944 alirudi, akawafundisha urubani vijana wa Kihabeshi. Alifariki Addis Ababa mwaka 1954, baada ya ajali ya ndege.

Kwetu sisi, kazi hiyo ya ualimu, isiyo na kishindo, ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Taifa hulindwa na mikono iliyofundishwa kabla adui hajabisha hodi. Ajifunzaye ufundi kiwandani leo, naye ni askari wa uhuru.