Hergé, toka kifaru wa dinamite mpaka mlima wa Tibet

Kupasua mwamba tunajua wote: unatoboa tundu, unatia dinamite, unawasha utambi, unakimbia mbali. Njo ile kazi Tintin alimfanyia kifaru ndani ya kitabu cha Tintin au Congo. Alimtoboa mgongo, akawasha, mnyama akabaki vipande-vipande. Watoto walicheka.

Mwenye kuchora ile ni Georges Remi, anaitwa Hergé, aliyezaliwa Etterbeek, Ubelgiji, tarehe 22 Mei 1907. Congo hakufika hata siku moja. Alichora safari hiyo kwa gazeti la watoto mwaka 1930 na 1931, kwa kufuata paka yale yaliyosemwa kwao. Sisi watu alitufanya wajinga. Wanyama nao: swala rundo zima, nyani wa kuchunwa ngozi, tembo wa kutolewa pembe. Wazee wetu wa Katanga waliochimba shaba mbele ya Wazungu walianza na kuomba mizimu. Kwa Hergé wa wakati ule, pori halikuwa na mwenyewe.

Mwaka 1934 alikutana na Zhang Chongren, kijana Mchina aliyekuwa akisoma kuchora na kuchonga sanamu Brussels. Yule alimfundisha kuuliza kwanza, kisha kuchora. Wakawa marafiki, halafu Zhang akarudia kwao.

Tintin au Tibet ilitoka kitabu mwaka 1960. Wakati wa kuichora Hergé alikuwa na taabu ya moyo na ndoto mbaya, kila kitu ndani yake cheupe. Daktari mmoja wa Uswisi alimshauri aache kazi. Akakatala. Mle ndani hakuna adui hata mmoja: kuna theluji, kuna mtawa anayeona mambo ya mbali, na kuna yeti, mnyama wa mlima ambaye kila mtu anamuogopa. Kumbe ni yeye aliyemlisha Tchang, mtoto Mchina, baada ya ndege kuanguka. Tintin hamuui. Yeti anabaki peke yake, anawaangalia wakienda, na huruma yote inakuwa kwake. Kwetu sisi, ile picha inapita zote alizochora.

Mwaka 1975, kwa kuombwa na wachapishaji wa Skandinavia, alichora upya ukurasa wa kifaru: bunduki inalia, mnyama anashtuka, anakimbia mzima. Hergé alikufa tarehe 3 Machi 1983. Ndani ya kitabu cha Kifaransa, kile watoto wetu wanachosoma, dinamite ilibakia.