Neno Ambalo Baba Alimwachia Mathia Mulumba



Kwetu Taita, mazishi yakiisha, haupiti muda mrefu kabla ya kuulizana nani atachukua nini. Kuna shamba la mlimani na lile la huku chini Voi, kuna ng'ombe, cherehani ya mama na kigoda cha babu. Wazee wetu wa zamani walihifadhi hata mafuvu ya wahenga katika mapango ya ukoo, ili kila mtoto ajue alikotoka. Kuacha mali ni jambo jema, na mzazi anayetayarisha hati ya shamba mapema anawaepusha watoto wake na kesi. Bali leo, mpendwa msomaji, nakusimulia habari za mtu aliyerithi neno moja tu, tena kwa baba ambaye hakumzaa.

Mtu huyo ni Mtakatifu Mathia Mulumba. Huenda jina lake umelisikia kila tarehe 3 Juni, likisomwa haraka pamoja na mashahidi wenzake wa Uganda. Wengi wa mashahidi hao walikuwa vijana wa jumba la mfalme, na ndiyo maana tunawasimulia sana kwa vijana. Mathia alikuwa mtu mzima, mume na baba, karibu miaka 50.

Alizaliwa Busoga, yapata mwaka 1836. Angali mtoto alitekwa na Waganda pamoja na mama yake, akauzwa kwa mtu aliyeitwa Magatto. Mzee huyo hakumweka kama mtumwa. Alimlea kama mwanawe. Magatto hakuwa Mkristo, kwa kuwa Ukristo ulikuwa haujafika huko, lakini moyo wake haukuridhika na yale aliyoyaona yakiabudiwa. Mara nyingi alimwambia kijana kwamba ukweli wenyewe hawajaupata bado. Kabla ya kufa alimwachia agizo: siku moja watakuja watu wa kufundisha njia iliyo sawa.

Tafakari hapo kidogo, hasa wewe baba unayesema mambo ya dini ni ya mama watoto na katekista. Magatto hakujua sala hata moja ya Kikristo. Alichokuwa nacho ni njaa ya ukweli, na hakumficha mtoto njaa hiyo. Sisi tunaojua Baba Yetu na Salamu Maria tangu utotoni, watoto wetu wametusikia lini tukizungumza juu ya Mungu nje ya kanisa?

Mathia hakulisahau neno hilo. Waislamu walipoingia Buganda alidhani ndio wale aliotabiriwa, akaifuata dini yao. Baadaye akawasikiliza Waprotestanti. Mapadre Wakatoliki, waliojulikana kama Mapadre Weupe, walifika Februari 1879. Mwaka uliofuata Mathia akajiandikisha kwao kama mkatekumeni. Alipoulizwa sababu ya kutaka ubatizo alieleza habari za Magatto na agizo lake. Alibatizwa tarehe 28 Mei 1882.

Wakati huo alikuwa mtu mwenye cheo, msaidizi wa chifu mkuu wa Ssingo, na kama watu wa cheo chake alikuwa na wake kadhaa. Akabaki na mmoja, Kikuvwa, na wale wengine akawatafutia riziki wasije wakaangamia. Jambo hilo la mwisho nalipenda sana. Wako wanaume ambao siku ya kutubu humfukuza mwanamke mlangoni na watoto wake, kisha hukaa kiti cha mbele kanisani. Mathia aligharimika kwa toba yake. Tena alianza kubeba mzigo kichwani mwenyewe, yeye mkubwa wa watu, na waliomcheka aliwajibu kwamba sasa ni mtumwa wa Kristo.

Miezi michache baadaye, Novemba 1882, mapadre wote waliondoka Buganda, na hawakurudi hadi mwaka 1885. Hebu fikiria karibu miaka mitatu bila Misa, bila maungamo, bila mtu wa kumuuliza swali. Mathia pamoja na rafiki yake Luka Banabakintu walikusanya watu Mityana, wakasali na kufundishana. Mfinyanzi mmoja, Noa Mawaggali, alikuwa msaada wao mkubwa. Waamini na wakatekumeni wa huko walifikia kama mia mbili. Nyumba ya Mathia ndiyo ilikuwa kanisa. Misheni yetu ya Bura, iliyoanzishwa mwaka 1892, ilikuwa bado miaka kumi mbele.

Mei 1886 Kabaka Mwanga aliwageukia Wakristo. Mathia na Luka walikamatwa mjini mkuu wakahukumiwa kufa. Tarehe 27 Mei, njiani kwenda Namugongo, Mathia aliomba auawe papo hapo walipofika, mahali paitwapo leo Old Kampala. Aliagana na Luka kwa tumaini la kuonana mbinguni. Mateso yake sitayaeleza yote, maana ukurasa huu husomwa na watoto pia. Itoshe kusema kwamba walimkata viungo, wakamfunga mishipa ili asife upesi, wakamwacha. Wapita njia walimsikia akiomba maji. Alikata roho tarehe 30 Mei, peke yake. Luka alichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni.

Na ule urithi? Tarehe 31 Mei wavamizi walifika Mityana. Noa aliuawa siku hiyo. Mali ya Mathia iliporwa yote, na Kikuvwa na watoto wakachukuliwa mateka. Kwa hesabu yetu ya kugawana baada ya mazishi, mtu huyo hakuacha hata kigoda.

Lakini dada yake Noa, Munaku, alijitokeza mwenyewe mbele ya wavamizi akakiri kwamba naye ni wa dini hiyo hiyo. Hakuwa amebatizwa bado. Alichukuliwa pamoja na akina Kikuvwa, akakataa kuwa mke wa aliyemteka, mpaka Padre Lourdel alipomkomboa. Akabatizwa mwaka huo huo, jina lake Maria Matilda. Alifundishwa dini na nani, ila na jumuiya ile ya nyumbani kwa Mathia?

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mashahidi hao 22. Mityana sasa ina kanisa kuu la jimbo, jimbo la Kiyinda-Mityana. Wale mnaochanga nauli ya basi kwenda Namugongo mwezi Juni, ongezeni siku moja na mwende na watoto wenu hadi huko. Ni kama kilomita 70 magharibi ya Kampala, kwa barabara ya Fort Portal. Ndani ya basi, wasimulieni habari za Magatto.